Barabara tupu isiyo tupu: michirizi ya taa kutoka Paris hadi Dodoma

Picha ya aina hii umeshaiona, hata kama hujui inapigwaje. Ni jioni Dodoma, anga bado ina buluu kidogo, na barabara ya kwenda Dar es Salaam imejaa nyuzi za mwanga: nyeupe upande mmoja, nyekundu upande wa pili. Magari yenyewe hayapo. Hakuna bodaboda, hakuna mama anayevuka na ndoo ya karanga kichwani, hakuna mwanafunzi anayerudi hosteli. Ni lami, nguzo za umeme na nyuzi hizo tu.

Watu wengi wakiiona wanauliza: imepigwaje? Swali zuri, tutalijibu. Lakini kuna swali la pili ambalo kwa mtu wa historia ni zito zaidi: hao wote waliokuwa barabarani wamekwenda wapi? Maana walikuwepo. Kamera ilikuwa imewaelekea kabisa. Na kama kamera inaweza kuwapoteza watu wa jana jioni, je, imewapoteza wangapi katika picha za kale tunazozitumia kama ushahidi?

Hesabu ya sekunde ishirini

Kamera ya kawaida hufungua jicho lake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, labda moja ya mia mbili. Picha ya michirizi ni tofauti: unaweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu isitikisike, unaacha jicho wazi kwa sekunde 10, 20 au 30, na mwanga unajikusanya polepole. Tuiite picha ya muda mrefu.

Sasa twende kwenye hesabu. Chukua gari dogo lenye urefu wa mita 4.5, linatembea kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 16.7 kila sekunde. Likipita mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia, kila sehemu ya barabara inafunikwa na bodi ya gari hilo kwa sekunde 0.27 tu. Kama jicho la kamera limekaa wazi sekunde 20, gari lilikuwa hapo kwa asilimia 1.35 ya muda wote. Asilimia 98 na zaidi iliyobaki, kamera ilikuwa inatazama lami. Lami inashinda, gari linayeyuka.

Haya, mchukue na mtembea kwa miguu. Mwili wake ukiutazama kwa ubavu una upana wa kama mita 0.4, na mwendo wa kawaida ni mita 1.3 kwa sekunde. Anafunika kila sehemu kwa sekunde 0.3. Hiyo ni asilimia 1.5.

Umeona? Gari la kilomita 60 kwa saa na mtu anayetembea zake taratibu wanapotea kwa kiwango karibu kilekile. Mmoja anakimbia lakini ni mrefu. Mwingine ni mwembamba lakini anakwenda polepole. Kinachowatofautisha pichani ni kimoja tu: gari lina taa. Taa ina mwanga mkali mno kuliko shati linaloakisi mwanga wa nguzo, kwa hiyo hata kipande kidogo cha sekunde kinatosha kuacha alama. Gari linaacha saini yake. Mtembea kwa miguu haachi kitu.

Hiyo ndiyo kanuni nzima, na ukiishika unaweza kusoma karibu picha yoyote ya muda mrefu: kilichotulia kinabaki, kinachowaka kinabaki, kinachotembea gizani kinafutika.

Mtaa wa Paris uliokosa watu

Jambo hili lilionekana mapema kabisa, kabla hata ya taa za umeme. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya Boulevard du Temple, mtaa wa Paris uliokuwa na pilikapilika za farasi, mikokoteni na watu. Bamba lake la fedha lilikuwa zito kupokea mwanga, likahitaji dakika kadhaa mchana kweupe. Matokeo yake mtaa ukatoka mtupu. Aliyebaki ni mtu mmoja kwenye kona, kwa sababu alikuwa amesimama na mguu juu, anang'arishiwa viatu. Samuel Morse, yule wa telegrafu, aliiona picha hiyo Paris mwaka 1839 na akaandika nyumbani Marekani kueleza ajabu hiyo: mtaa uliojaa watu, picha isiyo na watu.

Mara nyingi anatajwa kuwa binadamu wa kwanza kuonekana kwenye picha. Sawa, lakini ukweli mwingine wa picha hiyo ni kwamba mamia ya wenzake walikuwa pale pale na hawapo. Aliyepata nafasi kwenye historia ni aliyekuwa na muda wa kusimama.

Ugogo, 1860

Tuje nyumbani. Mwaka 1860 John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Zanzibar wakielekea kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuja na kamera, na picha alizopiga Zanzibar ni miongoni mwa za kale kabisa zilizobaki za Afrika Mashariki. Walipoingia bara, mpango ulikuwa aendelee kupiga.

Haikuwezekana. Njia ya wakati huo, iliyobuniwa mwaka 1851, ilikuwa ya bamba bichi: unapaka kioo dawa, unakichovya kwenye maji ya fedha, unapiga picha kikiwa bado kibichi, unakisafisha hapohapo kabla hakijakauka. Yote hayo ndani ya hema dogo lenye giza. Speke aliandika kwamba joto la hema hilo lingemuua mwenzake, hivyo vifaa vikarudishwa pwani na Grant akabaki na rangi zake za kuchorea. Kwa hiyo msafara ule ulipovuka Ugogo na kufika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Januari 1861, ulivuka bila kamera.

Na hata kama kamera ingekuwepo, fikiria ingekuta nini. Uwanda wa kati haukuwa pori lililolala. Njia ya kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe na Ujiji ilikuwa moja ya barabara kuu za Afrika Mashariki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 makumi ya maelfu ya wapagazi waliipita kila mwaka, wengi wao Wanyamwezi, wakibeba pembe za ndovu kushuka na vitambaa, shanga na waya kupanda. Watemi wa Kigogo walitoza hongo, na maji yalikuwa mali: visima vilikuwa na wenyewe, na msafara ulilipa ili unywe.

Kati ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na Marenga Mkali, nyika kavu iliyovukwa kwa hesabu. Wapagazi walipika na kunywa mapema, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua lilipoanza kuinama, wakalala porini pasipo maji, wakaendelea alfajiri. Mwendo huo wa alasiri uliitwa telekeza. Wasafiri wa Ulaya waliuandika "tirikeza". Leo neno hilo tunalisikia zaidi kwa maana ya kumwacha mtu bila msaada, lakini kwa mpagazi lilikuwa ufundi wa kazi.

Sasa weka bamba bichi mbele ya msafara huo. Watu mia tano wanapita kwa mstari mmoja, mizigo begani, ngoma mbele. Bamba linahitaji sekunde kadhaa. Ungepata mibuyu, mawe na vumbi. Wapagazi wangekuwa ukungu mwepesi juu ya njia, au wasingekuwa chochote. Ili wapigwe, ingebidi wasimamishwe, mizigo ishushwe, wapangwe. Na picha ya mpagazi aliyepangwa na kusimama inamwonyesha mtu, lakini haionyeshi kazi yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutembea.

Mwishoni mwa miaka ya 1870 mabamba makavu yakaingia sokoni, na kupiga picha mchana kukawa jambo la sehemu ya sekunde. Kwa hiyo si haki kuilaumu kamera kwa kila pengo la miaka ya Wajerumani. Lakini mazoea ya kupanga watu yalibaki, na usiku bado ulikuwa hauna picha. Ukikuta picha ya kale ya njia ya bara ikiwa tupu, usikimbilie kusema "eneo hili halikuwa na watu". Uliza kwanza: jicho la kamera lilikaa wazi kwa muda gani?

Taa zinageuka kuwa somo

Wapigapicha wa kwanza wa usiku waliziona taa zinazopita kama uchafu. Mkokoteni wenye kandili ukikatiza, wengine walifunika lenzi kwa mkono au kofia mpaka upite, kisha wakaendelea. Walioigeuza kero hiyo kuwa kifaa walikuwa wanasayansi.

Mwaka 1889 Georges Demenÿ, aliyefanya kazi na Étienne-Jules Marey Ufaransa, alifunga taa ndogo kwenye viungo vya mtu na kumpiga picha ya muda mrefu akitembea gizani. Mtu akapotea, mwendo wake ukabaki umeandikwa kwa mistari. Mnamo 1914, Marekani, Frank na Lillian Gilbreth wakaweka vitaa kwenye vidole vya wafanyakazi wa viwandani ili wachunguze mikono inavyotembea. Kisha wakaongeza ujanja mmoja: wakazifanya taa ziwake na kuzima kwa kasi inayojulikana. Mstari ukawa vitone. Ukivihesabu, unapata muda. Ukipima nafasi kati yake, unapata kasi. Shika hilo, tutalirudia barabarani muda si mrefu.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Mwaka 1862 Robert Bunsen na Henry Roscoe walikuwa wameonyesha kwamba mwanga hafifu kwa muda mrefu ni sawa na mwanga mkali kwa muda mfupi, mradi jumla iwe ileile. Lakini mwishoni mwa karne hiyo Karl Schwarzschild, akipiga picha za nyota, aligundua kwamba bamba la picha halitii kanuni hiyo mwanga ukiwa dhaifu sana: linachoka, linataka muda zaidi ya hesabu. Ndiye Schwarzschild yuleyule ambaye mwaka 1916 alichapisha hesabu iliyokuja kuwa msingi wa kuelewa mashimo meusi. Mpigapicha wa filamu aliyepiga usiku ilibidi aongeze sekunde kwa uzoefu. Kamera ya kidijitali haina tatizo hilo, ndiyo maana leo hata simu inaweza kupata michirizi.

Dodoma inavyoandikwa kwa taa

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita Dodoma, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Misafara mirefu ya wapagazi ikafa kwenye njia hiyo. Baadaye barabara ya kaskazini na kusini, ile ya Iringa, Dodoma, Kondoa na Arusha, ikakata reli hapa mjini. Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma. Utekelezaji ulisuasua kwa miongo, mpaka msukumo wa mwaka 2016. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji.

Badiliko lingine halionekani kwenye ramani, ila lingeonekana kwenye picha ya muda mrefu. Tangu mapema miaka ya 1990 mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku kucha kwa sababu ya ajali na ujambazi. Saa sita usiku basi linaegeshwa, abiria mnalala mlipo. Katikati ya 2023 serikali ilitangaza Bungeni, hapa hapa Dodoma, kwamba zuio linaondolewa, na kuanzia Oktoba mwaka huo safari za usiku zikaanza kupewa ratiba. Aliyepiga barabara ya Singida saa nane usiku mwaka 2015 na anayepiga leo wanapata picha mbili tofauti. Ya kwanza ina malori na magari madogo. Ya pili ina mabasi, yenye michirizi ya juu ya vitaa vya paa. Hiyo ni historia ya sera, imeandikwa kwa taa.

Na mchirizi mmoja una habari nyingi kuliko unavyodhani. Ukipanda juu ghafla na kurudi, hapo kuna tuta. Wekundu ukikolea, dereva amekanyaga breki. Mstari mmoja pekee mara nyingi ni bodaboda, au gari lililoungua taa. Ukiona mstari mwekundu umekatika vitone vidogo sana, hiyo ni taa ya LED: nyingi huwaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Balbu ya zamani huacha uzi usiokatika.

Sasa ule ujanja wa akina Gilbreth. Indiketa ya gari hupepesa mara 60 hadi 120 kwa dakika, kwa hiyo pichani inakuwa vipande vya rangi ya chungwa. Tuseme mchana umepima kwa hatua na nguzo mbili zina mita 30 kati yake, na pichani unahesabu vipande vitatu kati ya nguzo hizo. Kila kipande ni mita 10. Kama indiketa hiyo inapepesa mara 90 kwa dakika, yaani mara 1.5 kwa sekunde, gari lilikuwa linakwenda mita 15 kwa sekunde: kilomita 54 kwa saa. Hapo mjini mwisho ni 50. Picha ya urembo imegeuka kuwa kipimo.

Asiye na taa

Turudi kwa yule wa asilimia 1.5. Hapotei kwenye kamera tu. Taa za chini za gari huangaza vizuri umbali wa kama mita 40 hadi 60. Dereva wa kilomita 80 kwa saa anatembea mita 22 kila sekunde. Mpe sekunde moja na nusu ya kushtuka, tayari mita 33. Ongeza kama mita 35 za breki kwenye lami kavu. Jumla mita 68. Yaani mtu mwenye nguo nyeusi anaonekana wakati umbali wa kusimama umeshapita. Na pembezoni mwa barabara zetu wanaotembea usiku ni wengi: wanaotoka sokoni, walinzi wanaokwenda zamu, vijana wa baiskeli zisizo na taa wala kiakisi.

Kwa hiyo michirizi inatuonyesha barabara kama dereva mwenye haraka anavyoiona: wenye taa wapo, wengine hawapo. Kwa picha ya ukutani hakuna ubaya. Ubaya unaanza picha hiyo inapotumika kama maelezo ya barabara: "hapa ni magari matupu, njia ya waenda kwa miguu ya nini?" Msafara wa Ugogo usingebaki kwenye bamba la kioo, mtembeaji wa leo habaki kwenye sensa ya kamera. Miaka 160 imepita na anayepotea ni yuleyule, mwenye miguu.

Ukitaka kupiga, piga hivi

Dodoma jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja jioni, kulingana na mwezi. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, jua linashuka wima na buluu ya anga haidumu: una kama dakika 20 tu, kwa hiyo fika mapema. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100, tundu la lenzi f/8 hadi f/11, sekunde 10 hadi 30. Tumia kipima muda cha kamera ili kidole chako kisiitikise. Simama mbali na lami, vaa kizibao cha kuakisi, na karibu na majengo ya serikali, ya jeshi au ya reli omba ruhusa kwanza.

Kisha fanya mambo mawili ambayo wapigapicha wa kale hawakutufanyia. La kwanza, bila kusogeza stendi, piga picha ya pili ya muda mfupi, ISO ikiwa juu, hata ikitoka na chengachenga. Hiyo itawashika watu. La pili, wakati jicho la kamera liko wazi, wewe huna kazi nyingine: hesabu. Wangapi wametembea, baiskeli ngapi, mikokoteni mingapi. Andika pamoja na tarehe, saa, mahali na idadi ya sekunde, uhifadhi na picha.

Siku moja mwanafunzi wa historia ataifungua picha yako aone Dodoma ya miaka hii ilikuwaje. Michirizi ataiona mwenyewe. Hao wengine atawajua kwenye karatasi yako tu.